Kabla Hujanunua Bomba, Uliza Maji Yanaishia Wapi

Hotuba kwa wakazi na mafundi wa Nyalenda, Kisumu, wiki chache kabla ya masika

Bwana chifu, wazee wa mtaa, akina mama, ndugu zangu wavuvi mliokuja kutoka Dunga, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana ninaowafundisha kushika spana: hamjambo. Asanteni kwa kutupa mchana wenu wa Jumamosi.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kazi hii nimeifanya miaka 26, na muda huo wote mteja akiniita kwa shida ya maji ya mvua huuliza mambo mawili: bomba la inchi ngapi, na ni pesa ngapi. Nami nilikuwa nikishajibu hayo mawili nachukua jembe naanza kuchimba. Leo naomba tuongeze swali la tatu, na sitatoka kwenye swali hilo mpaka nikae chini: bomba hilo limetengenezwa kwa kitu gani, na maji yatakayopita ndani yake yanaishia wapi?

Maji ya mvua yana njaa. Yakiwa bado angani hunyonya hewa ya kaboni dayoksaidi, yakawa na uchachu kidogo. Hata pale penye hewa safi kabisa, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ni katikati na chini ya hapo ni uchachu, huwa kama 5.6. Ndani yake hamna chumvi wala chokaa ya kutajika, ndiyo maana kila yanapopita yanachukua kitu. Yakipita kwenye bati yanachukua bati, yakipita kwenye simiti yanachukua simiti. Tunapenda kusema mtaro ni mchafu kwa sababu ya takataka zinazotupwa ndani, na ni kweli, sote tunaujua Mto Auji wetu. Lakini hata mtaro usiotupwa hata karatasi ya peremende utayabadilisha maji, kwa sababu ukuta wenyewe wa mtaro unayeyuka.

Sogeeni kidogo muone. Hapa mezani kuna chupa nne, zile za jamu. Zote nimezijaza maji ya mvua ya wiki iliyopita, niliyokinga kwa beseni uwanjani, mbali na paa. Ya kwanza ni maji matupu. Ya pili nimetia kipande cha bomba la PVC, lile la plastiki. Ya tatu ina kipande cha kalvati ya simiti, lile bomba kubwa la kupitishia maji chini ya barabara, bado mpya. Ya nne ina kipande cha gata la mabati ambalo halijapakwa rangi. Zimekaa siku tatu. Sasa kijana wangu atatia kijiko cha maji ya kabichi ya zambarau, niliyoichemsha nyumbani asubuhi. Kabichi hiyo hugeuka nyekundu kwenye kitu kichachu kama ndimu, na kijani kwenye kitu kama magadi.

Mnaona? Maji matupu yamebaki zambarau. Ya PVC vilevile. Ya simiti yamekuwa kijani, kijani kabisa kama jani la sukuma. Na ya bati? Hayakugeuka. Ukiyaangalia hivi utasema ni salama kuliko ya simiti. Mimi nawaambia chupa hiyo ya nne ndiyo inayoninyima usingizi. Tutaifikia.

Tuanze na hii ya kijani. Simiti ina chokaa ndani yake, na maji yanapoigusa chokaa hutoka. Huko Sydney, Australia, watafiti walifanya jambo linalofanana na hili la kwangu, ila kwa vipimo vya maabara: wakayazungusha maji ndani ya mabomba ya simiti na ndani ya mabomba ya PVC, wakalinganisha. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2010. Kwenye simiti pH ilipanda, na kalsiamu, yaani madini ya ile chokaa, na baikaboneti zikapanda nayo. PVC haikubadilisha sana. Walikuwa wamejiuliza kwa nini vijito vya mjini vina maji ya tabia tofauti na vijito vya msituni karibu na hapo hapo, ilhali ardhi ni ile ile. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa simiti. Mji unajitengenezea mwamba wake mpya, na mvua inapita juu ya mwamba huo.

Jambo hili nililijua kwa uchungu kabla sijasoma habari za Sydney. Shemeji yangu kule Ahero alitaka kufuga samaki aina ya ngege. Akaniita nimjengee tangi la simiti, nami nikajenga, nikapiga lipu safi ya kung'aa. Siku ya nne tukajaza maji. Siku ya tano akaleta vifaranga wa samaki, mia tano. Kulipokucha walikuwa wanaelea, matumbo juu, mdomo wazi. Shemeji akadhani ameuziwa samaki wagonjwa, akaenda kugombana na mwenye vifaranga. Mwenye vifaranga akamuuliza swali moja tu: tangi umeliosha mara ngapi? Hakuwa ameliosha. Fundi wake hakumwambia. Fundi wake nilikuwa mimi. Tangi jipya la simiti hujazwa maji, huachwa siku kadhaa, humwagwa, hujazwa tena, mara kadhaa mpaka ukali uishe. Vifaranga wale nililipa mimi, na tangu siku hiyo sijawahi kumkabidhi mtu kitu cha simiti chenye kugusana na kiumbe hai bila kukiosha.

Basi simiti ni mbaya? Hapana, na hapa naomba msinielewe vibaya, kwa sababu nitakapomaliza mtaona naipendelea. Ukali wa simiti ni wa ujana. Kadiri siku zinavyopita, ile hewa ya kaboni dayoksaidi huingia kwenye ngozi ya simiti, chokaa ikageuka kuwa kitu kama jiwe la chokaa, na maji yanayopita huchukua kidogo kidogo tu. Zaidi ya hapo, simiti iliyokomaa inayapunguzia maji uchachu, na madini kama zinki yakikutana na maji yasiyo na uchachu hupenda kuganda, kushika ukutani na kwenye matope, badala ya kuendelea kuelea mpaka ziwani. Kinachotakiwa ni subira: simiti ikauke vizuri kwa siku zake, ioshwe, ndipo iunganishwe na mto. Na ndugu zangu waashi, ile tabia ya kuosha mashine ya kuchanganyia simiti na kumwaga yale maji ya kijivu mtaroni, tafadhali iishe. Maji yale ni makali kuliko chochote kitakachotoka kwenye kalvati.

Sasa chupa ya nne.

Bati letu ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi analijua hili: mabati yakinyeshewa yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine, kesho yake utakuta unga mweupe kati yake. Ukipitisha kidole unabaki na unga kama wa ngano. Ile ni kutu ya zinki. Zinki ndiyo inayokinga chuma, kwa sababu inakubali kuliwa badala ya chuma. Kazi yake ni kuliwa. Lakini inayoliwa inaenda wapi? Inashuka na mvua. Na kuna kalvati za bati lenye mikunjo, zile za mviringo zinazowekwa chini ya barabara, ambazo zimepakwa zinki ndani na nje. Humo maji hayapiti juu juu kama kwenye paa. Hutuama, hukaa usiku kucha, mchanga unasugua sehemu ya chini, na kila siku ngozi mpya inafunguka.

Najua kuna mama hapa anasema moyoni: sisi tumekunywa maji ya paa la bati tangu utotoni na hatujafa. Mama, unasema kweli. Zinki kwa binadamu ni dawa. Mtoto aliyepita miezi sita akiharisha, zahanati wanakupa maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Shirika la Afya Duniani halijaweka hata kikomo cha kiafya cha zinki kwenye maji ya kunywa. Linasema tu kwamba zikizidi miligramu 3 kwa lita, watu wataanza kulalamika ladha.

Samaki ana habari nyingine. Samaki anapumua kwa matamvua, na matamvua hayo hayo ndiyo anayotumia kuvuta kalsiamu kutoka majini. Zinki inapita mlango ule ule wa kalsiamu. Ikiwa nyingi, inauziba mlango, samaki akakosa kalsiamu, matamvua yakaharibika. Kwa hiyo Marekani, ambako wameweka kipimo cha kulinda viumbe wa maji baridi, kikomo cha zinki ni maikrogramu 120 kwa lita. Miligramu moja ina maikrogramu 1,000. Pigeni hesabu: yale maji ambayo wewe utaanza tu kusema yana ladha ya ajabu yana zinki mara 25 ya kikomo cha kumlinda samaki.

Niwaonyeshe kwa kitu mnachokijua. Nina kidonge hapa, cha mtoto, miligramu 20. Kichukue, kiyeyushe kwenye lile pipa la lita 200 lililo pale nje. Umepata maikrogramu 100 kwa lita. Kidonge cha mtoto mmoja kwa siku moja, ndani ya pipa zima, na tayari uko mlangoni pa kikomo.

Tena kikomo hicho cha 120 ni cha maji magumu kiasi, yale yenye miligramu 100 za ugumu, yaani madini ya chokaa, kwa lita. Maji yakiwa laini zaidi, kalsiamu ni chache, samaki hana kinga, na kikomo kinashuka. Ugumu ukiwa nusu, kikomo nacho kinakaribia nusu, maikrogramu 65 hivi. Na maji ya ziwa letu ni laini. Akina mama mnaofua nguo kwa maji ya ziwa mnajua sabuni inavyotoa povu upesi. Povu hilo ndilo kipimo. Sabuni ikikolea haraka, jua samaki wa hapo hana chokaa ya kumkinga na zinki. Kwa hiyo kati ya maziwa yote ambayo ungeweza kuyamwagia maji ya mabati, Victoria ni mahali pabaya pa kufanya hivyo. Na sisi hatumwagi katikati ya ziwa kwenye kina. Tunamwaga Winam, kwenye ghuba yenye kina kifupi, yenye mlango mwembamba wa kutokea kwenye ziwa kubwa, pale pale ngege wanapokuja kutaga kwenye matete.

Tukubaliane pia kuhusu ukubwa wa jambo, nisije nikawatisha bure. Kalvati peke yake haijafanya yote. Kule Stockholm, Uswidi, watafiti wamepima maji yanayoshuka kutoka kwenye bati la zinki na wakapata kama gramu 2 hadi 3 za zinki kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Tuchukue 2. Nyumba ya hapa yenye paa la mita za mraba 60 inatoa gramu 120 kwa mwaka. Ili kuzipunguza gramu hizo mpaka zifike maikrogramu 120 kwa lita unahitaji lita milioni moja za maji yasiyo na zinki hata chembe. Hayo ni malori 100 ya maji ya lita 10,000, kwa paa moja. Simameni hapo mlangoni mtazame mapaa ya Nyalenda na Manyatta. Halafu ongezeni magurudumu ya matatu na tuktuk, maana mpira wa gurudumu nao una zinki na unasagika barabarani kila siku.

Ndiyo sababu nasema bomba. Paa la jirani yako huwezi kulibadilisha leo. Bomba la kuyapokea maji ya mapaa hayo linanunuliwa kwa pesa ya umma, kwa uamuzi mmoja, na litakaa chini ya ardhi miaka 30 au 50. Maji yakitoka kwenye paa tayari yamebeba zinki, ukayapitisha kwenye kalvati ya zinki, umeongeza. Ukiyapitisha kwenye simiti iliyokomaa, kisha kwenye matope yenye matete, umepunguza. Maji ni yale yale, na mvua ni ile ile.

Sasa mafundi wenzangu, hili ni letu sisi: mteremko. Udongo wa sehemu nyingi za mji huu ni mweusi, ule wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka mpaka unaingiza mkono mzima kwenye ufa. Ukilaza bomba juu ya udongo huo bila kuweka kokoto na mchanga chini yake, baada ya misimu miwili bomba limelegea katikati kama kamba ya nguo. Pale lilipolegea maji yanatuama. Januari na Februari yote yamekaa hapo, yanakula ukuta wa bomba polepole. Mvua ya kwanza ya Machi ikija inayasukuma yote kwa mara moja hadi mtoni. Wavuvi wa Dunga watawaambia maji ya mvua ya kwanza huwa na rangi na harufu yake. Bomba lililolazwa vibaya, hata likiwa la nyenzo bora, linakuwa chungu cha kuchemshia sumu. Nimechimbua mabomba ya namna hiyo kwa mikono yangu. Lile la mwisho, karibu na soko, lilikuwa na maji meusi ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na hakuna mvua iliyokuwa imenyesha kwa wiki tano.

Kuhusu plastiki nitasema machache. PVC kwa kemia ya kawaida haiyasumbui maji sana, kama mlivyoona. Ila zamani watengenezaji walitia madini ya risasi ili plastiki isiharibike kwa joto. Ulaya viwanda vyao viliacha kutumia risasi hiyo mwishoni mwa 2015. Sisi tunaponunua, tuulize bomba hili limeimarishwa kwa kitu gani, na muuzaji akishindwa kujibu tutafute mwingine. Pia PVC na jua la ikweta haviivani. Gata la PVC lisilopakwa rangi linapauka, linakuwa na unga, linapasuka, na vipande vyake vinaingia mtaroni. Lile bomba jeusi la plastiki ngumu linavumilia jua vizuri zaidi kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani yake. Yakifukiwa, yote mawili ni sawa.

Kitu kimoja kinachoiua simiti lazima nikitaje, ingawa najua kitawaudhi baadhi ya wenye nyumba za kupangisha. Choo kuunganishwa na mtaro wa mvua. Uchafu ukioza ndani ya mtaro uliofunikwa hutoa ile hewa inayonuka yai bovu. Hewa hiyo hupanda juu, hukaa kwenye dari ya bomba penye unyevu, na bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfa, ile ile ya betri ya gari. Asidi inaila simiti kutoka juu mpaka unaona kokoto, kisha nondo, kisha barabara inatitia. Kwa hiyo aliyeunganisha choo chake usiku ametuletea kipindupindu na pia ameivunja kalvati tuliyoilipia sote.

Ndugu zetu wa Nakuru wana kesi ngumu kuliko yetu kwa upande mmoja. Ziwa lao lina magadi, pH yake inakaribia 10, na halina mto unaotoka. Maji ya mvua ya mji ule yanashuka moja kwa moja kwenye bonde la ziwa, na zinki ikifika humo inazama kwenye matope na kukaa. Hakuna Mto Nile wa kuichukua pale. Nilipoalikwa kule mwaka jana kuzungumza na mafundi, niliwaambia bomba la Nakuru lichaguliwe na mtu anayefikiria matope ya chini ya ziwa, kama sisi tunavyofikiria matamvua ya ngege.

Basi naomba nini? Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mmoja wetu haki ya mazingira safi. Katiba hiyo hiyo, kwenye Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti kazi ya mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Mpango wa mtaro wa hapa utaletwa kwetu tutoe maoni. Mara nyingi tunapoitwa tunauliza ni vijana wangapi watapata kazi, na ni haki kuuliza. Safari hii naomba mtu mmoja, yeyote, anyanyue mkono aombe asomewe ule mstari wa karatasi ya gharama unaosema kalvati ni za kitu gani. Zikiwa za bati la zinki, na mdomo wa mtaro unaangalia Auji, tukatae. Tuombe simiti, ilazwe juu ya kokoto, ioshwe kabla haijafunguliwa, na mwisho wa mtaro paachwe kipande cha matete na mafunjo, hata cha upana wa uwanja wa mpira, maji yapite humo polepole kabla ya kuingia mtoni. Matete yale yaliyokuwepo yamekatwa na kufukiwa ili kujenga, na kila fundi humu, mimi nikiwemo, amewahi kulipwa kufukia.

Na nyumbani: gata la bati lipakwe rangi, ndani na nje. Paa likianza kupauka lipakwe. Kopo la rangi ni ghali, najua, lakini linalinda bati lako kwanza kabla ya kumlinda samaki wa mtu.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutaanzia kwenye daraja la Auji na kuufuata mtaro kwa miguu mpaka Dunga. Njooni na gambuti. Vijana watabeba karatasi za kupima pH, mimi nitabeba daftari niandike kila kalvati ni ya nini, imelala vipi, na kama kuna maji yaliyotuama. Orodha hiyo tutaipeleka kwa mwakilishi wadi kabla ya mkutano wa maoni. Sasa chupa ziko hapa, mnaweza kuzishika. Maswali nitaanza na wavuvi.